Wimbo wa Kumuaga Mgeni Haupigwi Ijumaa

Kijiko kinagonga bomba la maji. Mara moja, kimya, kisha mara mbili za haraka, kama mtu anayekung'uta majani ya chai yaliyonata.

Adhana ya alfajiri bado. Katika chumba kimoja juu ya paa la jengo la zamani kusini mwa Jeddah, Zipporah Wangeci amekwisha kuamka. Amekaa kitandani gizani, shuka mabegani, akiisubiri sauti hiyohiyo.

Hawashi taa. Jiko lake halina moto tangu jana jua lilipokuwa linazama. Leo ni Jumamosi. Anapapasa viatu kwa miguu, anashuka ngazi huku mkono ukifuata ukuta, mpaka ghorofa ya chini yake, kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Nani?" inauliza sauti ya jikoni, japo inajua.

"Ni mimi, Bibi."

"Nani kakuita?"

"Sijaitwa na mtu."

"Haya. Mie nilikuwa nakung'uta kijiko changu tu. Chai nimejipikia mwenyewe, naamkia sala. Lakini mkono wangu mzito, maji yamezidi. Kaa basi, isije ikamwagwa."

Zipporah anakaa. Kikombe chake ni kile chenye ua jekundu, na tayari kiko upande wake wa meza. Maneno hayo wanaambizana kila Jumamosi, na hakuna anayecheka.

Mwenye jikoni ni Bi Wahida, aliyeletwa Jeddah kutoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa, katika zile familia zilizohama baada ya mwaka 1964. Ameolewa hapa, amezaa hapa, amefiwa hapa. Kiswahili chake hakikusogea hata hatua moja kutoka kwa mama yake.

Mgeni wake ni Mkenya wa Nyandarua, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, anayepiga pasi mashuka katika dobi la hoteli siku za kazi. Jumamosi jioni, jua likishazama, huvaa gauni jeusi, akachukua klarineti yake na kwenda kupiga jazi kwenye mkahawa mmoja wa muziki karibu na bahari. Na jazi yake imejengwa juu ya nyimbo za Wayahudi wa kwao.

Watu wakisikia hivyo huuliza mara mbili. Zipporah hujibu mara moja.

"Mimi ni Mkikuyu, ni Myahudi, na mashuka yako nitayanyoosha," anasema. "Wewe ndiye utajua ni gani inakusumbua."

Ujeuri huo ndio uliomnyima jukwaa la Riyadh mwaka jana. Na ndio unaompeleka huko wiki ijayo.

Habari yenyewe inaanzia kwenye baridi ya Nyandarua, kati ya viazi na pareto. Babu yake, ambaye wao humwita guka, alikuwa mpuliza klarineti katika bendi ya polisi. Alipostaafu alirudi nyumbani na kujiunga na familia chache zilizoshika dini ya Kiyahudi, wakisali katika chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati.

Siku ya Sabato klarineti ilitundikwa msumarini, haiguswi. Katika nyumba ile Sabato ilikuwa mgeni. Aliingia Ijumaa jua likizama, akakaribishwa kwa mishumaa miwili na mkate uliofunikwa kitambaa. Alikaa usiku na mchana. Jumamosi jioni, nyota tatu zikionekana juu ya vilima, guka alitoka nje kuhakikisha kwa macho yake, akarudi ndani, akaitungua klarineti na kumpigia mgeni wimbo wa kumsindikiza.

Sauti ya wimbo ule aliitoa kwa wanawake waliokuwa wakichuma pareto. Maneno aliyatia mwenyewe, kwa Kikuyu. Zipporah huyafasiri hivi: "Umekaa kwetu, umekula kwetu. Vumbi la mlango wetu liko miguuni mwako. Njia usiisahau."

"Kuna watu wameona video za Ulaya, wananiambia huo wangu si muziki wa Wayahudi," anasema. "Nawauliza, sasa sisi tulikuwa tunaomba na nini? Na masikio ya kukopa?"

Guka alipofariki, klarineti ilibaki kwake. Alipopata kazi ya nyumbani Saudi Arabia, wakala wa Nairobi alimwambia auache huo mti na, kuhusu dini yake, akae kimya. Zipporah aliifunga klarineti ndani ya sweta mbili na kuiweka katikati ya sanduku. Ukimya hakuupakia.

Alifikia mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, katika nyumba yenye mabafu mengi kuliko watu. Wiki ya kwanza hakupangiwa kazi Jumamosi. Ya pili akapangiwa.

"Madam," alimwambia mwajiri wake, Ibtisam, "kazi ya Jumamosi nitaimaliza Ijumaa mchana. Ikibaki nitaifanya Jumapili mara mbili. Jumamosi hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi ni Myahudi."

Madam Ibtisam alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, aliinuka akaenda kumpigia simu mama yake mzazi. Zipporah alibaki ameshika ufagio, akijipangia moyoni namna ya kufunga sanduku.

Madam alirudi baada ya muda. "Mama anasema mtu anayemwogopa Mungu hataiba sukari yangu," alisema. "Lakini Ijumaa madirisha yote."

Madirisha yalisuguliwa kila Ijumaa mpaka mkataba ukaisha. Ndipo ikama yake, kibali cha kukaa nchini, ikahamishiwa kwenye dobi la hoteli, naye akapata chumba cha paani. Pale dobini msimamizi, Bwana Hamdan, alimtazama siku ya kwanza alipoomba zamu zake zipangwe upya. Hakumuuliza sababu. Alibadilisha tu majina ukutani, na mpaka leo hajauliza.

Kwa Bi Wahida mambo hayakuanza vizuri hivyo.

Jumamosi ya kwanza, bibi aliona mpangaji wa juu hana taa, jikoni hakunukii chochote, hata hodi hakuna. Akadhani gesi imemwishia na anaona haya kusema. Akachemsha chai, akaipandisha ngazi zote zile kwa magoti yake mabovu. "Nimekuchemshia wewe, mwanangu," alisema.

Zipporah alishukuru kwa mikono miwili. Lakini hakunywa. Chai ilipoa mbele yao wote wawili mpaka ikafanya ngozi juu.

"Ilinichoma," Bi Wahida anakumbuka. "Nikasema, kumbe huyu ananiona mkono wangu najisi. Sikumpa salamu mwezi mzima. Nikimsikia ngazini, nafunga mlango."

Zipporah alikuja mwenyewe kuugonga mlango huo, siku ya kazi, ameshika pakiti ya majani ya chai ya Kenya. Alieleza akiwa amesimama. Si mkono, alisema. Ni moto. Sabato hawashi moto, na moto uliowashwa kwa ajili yake yeye ni kama ameuwasha yeye.

"Hata uliowashwa na mwingine?" Bi Wahida aliuliza.

"Kama ni kwa ajili yangu."

"Na kama mtu kawasha kwa ajili ya nafsi yake, halafu chai ikabaki?"

Zipporah alifikiri. "Hiyo naweza kunywa."

Bi Wahida alipiga kofi pajani. "Basi jambo lenyewe ni nia! Mtoto we, si ungesema? Nia mie naijua tangu sijaota meno."

Tangu siku ile anapoamkia sala hujipikia chai katika birika la watu sita. Na kijiko hukung'utwa kwenye bomba linalopanda mpaka paani.

Mtoto wa mwisho wa Bi Wahida ni Usama, mhasibu mchana, mpiga kinanda jioni. Miaka michache iliyopita, muziki ulipoanza kupigwa hadharani mjini, alikusanya wenzake wakaunda bendi. Jumamosi moja jioni alikuja kumsalimu mama yake, akasikia sauti inashuka kutoka paani. Alipanda bila kuvua miwani ya jua.

"Nilidhani ni redio," anasema Usama. "Nikamkuta huyu, kasimama kati ya matangi ya maji na kamba za nguo."

Aliingizwa kwenye bendi jioni ileile. Zipporah huanza wimbo wa guka polepole, kama ulivyokuwa kwenye chumba cha mabati. Kisha kinanda kinaingia chini yake, besi inafuata, na yeye anauvunja vipande vipande. Kila mpigaji anapita na kipande chake anakokujua, wengine wanapotelea mbali. Mwishoni klarineti inawaita wote warudi mlangoni, na mgeni anasindikizwa.

Kabla ya kuupiga mara ya kwanza pale mkahawani, Usama alimshauri auite wimbo wa wakulima wa Kenya. "Si uongo," alisema.

"Ni nusu," Zipporah alijibu, akachukua maikrofoni mwenyewe. Aliwaambia watu kwamba huu ni wimbo wa Wayahudi wa Nyandarua wa kuiaga Sabato, ulitungwa na guka yake, na yeye hana jina lingine la kuupa.

Meza mbili zililipa na kuondoka. Waliobaki walisikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, mzee mmoja wa pembeni, tasbihi mkononi, alisema neno moja kwa Kiarabu: "Rudia." Akarudia. Na hajaacha kuutaja kwa jina lake tangu hapo.

Mwaka jana ukaja mwaliko wa Riyadh. Ukumbi mpya, taa za kukodi, watu wa redio. Usama aliingia jikoni kwa mama yake, akamkuta Zipporah anamenya vitunguu.

"Yalla, dada, pakia nguo! Wametuita Riyadh. Na wanautaka wimbo wako."

"Siku gani?"

"Ijumaa, baada ya magharibi."

Zipporah hakuinua macho. "Tafuteni mwingine basi."

"Wacha mzaha."

"Si mzaha. Ijumaa jua likizama sipigi, sipandi gari, siwashi hata kibiriti."

"Usiku mmoja tu, dada. Watu wale hawaiti mara mbili."

"Na mimi nikikataa sikatai mara mbili."

"Malipo yake yanauzidi mshahara wako wa mwezi!"

"Najua. Hesabu hiyo naijua kwa mashuka ninayoyanyoosha. Ndiyo maana nakwambia leo, upate wakati wa kutafuta mtu."

"Wewe jeuri."

"Ndiyo. Nipitishie kisu."

Bi Wahida alikuwa anakoroga mchuzi, mgongo umewageukia. "Usama," alisema, "huo wimbo wanaoutaka ni upi?"

"Ule wake wa kumuaga mgeni, mama."

"Na mgeni huyo huingia lini?"

"Ijumaa. Magharibi."

"Saa ileile mnayotaka kuupiga?"

Vitunguu vilisikika vikikatwa.

"Mie nimekulea hivyo?" Bi Wahida aligeuka, mwiko juu. "Mgeni hajavua viatu, we ushamwambia kwaheri?"

"Mama, huu ni muziki tu."

"Na adabu ni adabu tu."

"Halas!" Usama alisema, akatoka. Mchuzi wenyewe hakula.

Alimpata mwingine kweli. Anaitwa Derrick, kijana wa Kakamega anayeendesha foklifti katika ghala la matairi Al-Sulay, kule Riyadh, na kupiga saksafoni siku za mapumziko. Usama alimtumia wimbo kwa simu auzoee. Siku chache kabla ya onyesho Derrick alimpigia Zipporah.

"Dada Zippy, huu wimbo wako nimeushika. Lakini unaenda kama mtu anasindikiza mtu. Ni wa matanga?"

"Si wa matanga." Akamweleza mgeni ni nani, anaingia lini na anaondoka lini.

Derrick akauliza: "Sasa wasemaje, niupige ama nisiupige?"

"Wewe ni mtu wa kazi. Sikukatazi. Nimekwambia tu unaupiga siku gani."

Ijumaa ile, bendi ilipokuwa inapanga vyombo jukwaani Riyadh, Zipporah alizima simu, akawasha mishumaa miwili kabla ya jua kuzama, akakaa. Klarineti ilikuwa msumarini. Anakiri usiku ule ulimuuma.

"Usifikiri mimi ni jiwe," anasema. "Nilitaka lile jukwaa. Nililitaka mpaka vidole vikawa vinacheza vyenyewe kwa blanketi. Lakini kama ningeenda, ningerudi na nini? Wimbo ungekuwa umekwisha. Ungebaki tu na sauti."

Asubuhi yake kijiko kiligonga bomba, akashuka, akanywa chai iliyozidi. Bi Wahida alimwongezea sukari bila kuombwa, na Zipporah, ambaye hapendi sukari nyingi, aliinywa yote.

Habari za Riyadh alizipata jioni, nyota zilipotoka na simu ikawashwa. Usama alikuwa amekwisha kurudi. Alipanda paani mwenyewe na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Zamu ya wimbo wa guka ilipofika, alisimulia, yeye alianza kinanda, besi ikaingia, na Derrick akasimama mbele na saksafoni yake. Akaiinua mpaka mdomoni. Kisha akaishusha, akarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa. Wengine waliendelea kwa kuwa hawakujua la kufanya. Wimbo mzima ulipigwa bila sauti ya mbele, kama meza iliyoandaliwa na kiti kimoja kitupu.

"Nilikasirika, wallahi," anasema Usama. "Nilikuwa namlaani moyoni. Halafu katikati nikaanza kusikia mahali alipotakiwa kuwa huyu dada. Kila pengo lilikuwa na umbo lake."

Walipomaliza, mama mmoja wa safu ya mbele aliuliza kwa sauti, mwenye wimbo yuko wapi? Usama alijibu kabla hajajipanga: "Yuko nyumbani kwake Jeddah. Ana mgeni."

Derrick hakulipwa kamili usiku ule, na halalamiki. "Midomo ilikuwa imeshika kila kitu," anasema. "Lakini niliona kama naenda kufunga mlango wa nyumba ya mtu, na mwenyewe bado yuko ndani na mgeni wake. Mama yangu angenichapa."

Mwezi uliopita ukumbi uleule wa Riyadh uliwaita tena. Usama ndiye aliyejibu, na safari hii hakumuuliza Zipporah kwanza. Aliwaambia ni Jumamosi baada ya jua kuzama, au hapana. Wakakubali Jumamosi.

Bango limetoka. Jina la Zipporah limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake maneno: wimbo wa asili wa Kenya. Usama alimletea akiwa amelikunja, akitazama sakafu.

Zipporah alilisoma, akalirudisha. "Karatasi ni yao," alisema. "Mdomo ni wangu. Wewe utanipa maikrofoni?"

"Nitakupa."

"Hata wakikukonyeza kutoka nyuma?"

"Nitavaa miwani ya jua. Sitaona."

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, nyota zikitoka juu ya Riyadh, Zipporah atasimama mbele ya watu asiowajua na kuwaambia anachowaambia wa Jeddah: wimbo huu ni wa nani na unamuaga nani. Wanaotaka kuondoka, mlango wataujua. Akitoka huko anataka kurekodi nyimbo zote za guka, kwa Kikuyu na kwa Kiebrania, na kila mpigaji wa bendi hii ndani yake. Derrick ameahidiwa wimbo mmoja wake peke yake.

"Sitaki kuitwa daraja, sitaki kuitwa ajabu," anasema. "Watu wakitaka kunisifu, waseme anapuliza vizuri. Basi."

Nje adhana imeanza. Bi Wahida anajifunga kanga ya kichwani vizuri, na Zipporah anaosha macho yake kwa mvuke wa chai ya mwisho. Dirisha la jikoni linapata weupe kidogo kidogo, na ua jekundu la kikombe linaonekana sasa bila taa.

"Jumamosi ijayo sitakuwapo, Bibi," anasema. "Naondoka Alhamisi, nifike kabla ya Sabato. Nitalala kwa akina dada fulani wa kwetu, jirani na Derrick."

"Na chai?"

"Derrick amesema Jumamosi hujipikia mwenyewe. Ana sufuria kubwa."

Bi Wahida anaguna. "Chai ya mwanamume wa ghala la matairi. Haya, tutaona." Anachukua kikombe, anakitia kwenye beseni, anakifuta kwa ncha ya kanga, anazidi kukifuta hata kikishakauka, na kukirudisha upande uleule wa meza.

Zipporah yuko mlangoni, mkono ukutani, tayari kupanda.

"We mtoto," Bi Wahida anamwita, macho kwenye beseni. "Ile Jumamosi ya pili yake, njoo tena. Mie sikupikii. Lakini chai itazidi."